Ramani Inayosubiri Kadi

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimenunua daftari hili kubwa leo gulioni kwa sababu moja tu: siku nitakapodanganywa, niwe na tarehe.

Mimi ni Hamisa binti Mbwana, mkulima, na kijiji chetu si mbali na Handeni mjini. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mahindi, na humo nimeona mengi. Watu wametia mawe, wametia mchanga, wameloweka mahindi ili yaongeze uzito. Mmoja aliegemeza goti lake kwenye mizani huku akiniuliza habari za watoto. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza habari za watoto, kwanza namtazama magoti.

Shauri lenyewe ni hili. Kati ya shamba letu na la Maryamu binti Kibwana kuna kipande cha ekari mbili. Ndani yake kuna kisima kisichokauka hata kiangazi, na kaburi la baba yangu. Maryamu nimekua naye, tumechezwa ngoma ya mwali msimu mmoja, lakini mwezi wa kwanza alikwenda baraza la kijiji akadai kipande hicho ni cha baba yake. Nikishindwa, maji nitaomba na baba atakuwa amelala kwa watu.

Baraza lilitaka tukubaliane mpimaji mmoja. Tukamchukua Abraham, Msambaa wa Lutindi mwenye ofisi Korogwe. Februari, majani yakiwa yamekauka, alirusha droni siku mbili ikapiga picha elfu moja na mia tisa. Ramani itatokana na picha hizo, na bila saini yangu na ya Maryamu haiendi barazani.

Leo Abraham amepiga simu kusema kompyuta yake imeshindwa kuziunganisha zile picha. Ndani yake kuna kifaa cha kuchora picha kinachoitwa kadi ya grafiki, na chake ni kidogo mno, kinasimama njiani. Nikamwambia anunue kikubwa. Akasema zilizopo sasa ni za zamani na hazishikiki kwa bei, lakini mwezi ujao zinatoka mpya, za bei nafuu na za kati. "Tusubiri kidogo, mama," akasema.

Nimekuwa nikisikia "tusubiri kidogo" maisha yangu yote, na sikumbuki mara moja ambayo aliyeisema hakuwa na jambo lake pembeni.

Jumatatu, 10 Machi

Swaumu. Jua kali. Hakuna mvua, hakuna simu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika ushahidi wangu, usije ukabadilika mdomoni mwa watu.

Mpaka wetu ni safu ya mikonge, na mikonge hiyo nimeipanda mimi. Ilikuwa masika ya mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi. Baba alinitoa nyumbani asubuhi, yeye na gunia la machipukizi ya mkonge, mimi na jembe dogo. Alichimba, mimi nikatia mche na kushindilia udongo kwa kisigino. Tulipofika mwisho wa safu alinishika sikio la kushoto akalifinya mpaka nikalia, akaniambia kwa Kizigua kwamba huu ndio mpaka na nisiusahau. Ndivyo baba alivyoweka shahidi, na babu kabla yake. Mtoto husahau maneno, maumivu hasahau.

Baadaye mzee Kibwana, baba yake Maryamu, alilalamika. Nikaitwa mbele ya wazee, nikawapeleka mche kwa mche. Wakaniuliza nani kaniambia mpaka uko hapa. Nikawajibu kwamba nimepanda kwa mikono yangu. Walitazamana, na shauri likaishia pale pale, kwa sababu mtoto hasemi uongo.

Sasa Maryamu amelifufua, baba yake na baba yangu wote wakiwa udongoni. Najiuliza nani anamchochea.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Korogwe mwenyewe, maana simu haina macho.

Ofisi ya Abraham ni chumba kimoja Manundu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Alinipa shikamoo, akanipangusia kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Sikuona magoti yake, yalikuwa chini ya meza.

Alinionyesha ramani ambayo kompyuta yake imeweza kuitoa. Safu ya mikonge yetu inaonekana vizuri, mstari mweusi kutoka kilimani hadi korongoni. Lakini sehemu nyingine zote ni ukungu. Shamba langu limekuwa uji. Akasema kwa baraza la kijiji hiyo inatosha, mpaka unaonekana. Nikisaini, na yule mama mwingine akisaini, tunamaliza kabla ya Idi.

Nikamuuliza ndani ya ukungu kuna nini. Akasema hajui, na ndiyo sababu anataka kadi kubwa.

Hapo niliuona mtego. Nisaini ukungu leo, kesho Maryamu aende baraza la juu aseme ramani haikuonekana, tuanze upya wakati mimi nimechoka. Na nani amemtuma huyu kijana anirahisishie hivi? Nikamwambia sisaini ukungu, nataka kila jani. Akacheka kidogo, akasema sawa. Kicheko hicho nimekiandika hapa kwa makusudi.

Jumanne, 18 Machi

Binti yangu Ikram anasoma mambo ya kompyuta chuoni Dar es Salaam. Nilimwomba achunguze kama kweli kuna kadi zinazotoka, au ni hadithi ya Abraham. Amenitumia sauti dakika kumi na moja, nimeisikiliza mara mbili.

Anasema ni kweli. Kampuni kubwa ni mbili, yeye anaziita kwa rangi zao, za kijani na nyekundu. Kila baada ya muda hutoa kadi mpya, kwanza zile kubwa za matajiri, kisha baada ya miezi zinafuata za kati na za bei nafuu. Hilo nililielewa haraka. Hata harusini sinia huanzia meza kuu.

Tarehe kamili hakuna anayeijua. Mmoja amesema Aprili, mwingine Mei, mwingine amepiga picha ya boksi tupu na watu elfu wanaibishania. Nikamuuliza shahidi ni nani. Akacheka, akasema, "Mama, huko kote ni uvumi mtupu." Basi shauri la ekari zangu linangoja uvumi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Maryamu amemtuma mtu na sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa cha maua, kama tulivyokuwa tukipelekeana miaka yote. Kwa nini mwaka huu? Anataka nilainike, au anataka watu waseme yeye ni muungwana na mimi ni mgomvi. Kuku wamekula. Sahani nimeirudisha tupu.

Najua sahani hairudi tupu. Nimeirudisha tupu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeanza, kubwa. Vile vishimo vya njia ya kisimani vimejaa maji, nimeviruka vyote nikiwa na ndoo kichwani. Siku moja vitanivunja kiuno.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka Sharifu amekuja. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano, na tangu shauri lianze hajakanyaga barazani. Leo alikaa muda mrefu akisafisha tope kwenye viatu kwa kijiti. Kisha akasema niachane na kipande kile, ekari zilizobaki zinatutosha, na mimi nimeshakuwa mtu mzima.

Nikamuuliza na kaburi la baba je. Akasema wafu hawana mashamba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sharifu ana mkataba wa kulima ufuta na shemeji yake Maryamu. Sasa nimepata jibu kwa nini hakuja barazani. Nilimpa chai, sikumwongezea.

Alhamisi, 17 Aprili

Ikram kapiga simu asubuhi kusema kadi za kijani za kati zimetoka jana. Nilipata furaha, lakini haikudumu.

Anasema jina la kadi ni moja, lakini kadi ni mbili. Moja ina kumbukumbu ya GB nane, nyingine kumi na sita. Boksi ni lile lile na jina ni lile lile. Usiposoma maandishi madogo hujui umebeba ipi. Nikamwambia arudie. Pale ghalani kulikuwa na mfanyabiashara ambaye magunia yake yote alishona kwa uzi mmoja na kutia alama moja, mengine kilo mia, mengine themanini na tano. Alikuwa na leso nyeupe na alisali mstari wa mbele.

Nikampigia Abraham. Kumbe tayari amepata mtu wa kumletea ile ya nane, mapema kabisa. Nikamuuliza kuhusu ukungu. Akasema ukungu utapungua. Nikamwambia sikusema upungue, nimesema uishe; alete ya kumi na sita au sisaini chochote. Nikasikia mvua kwenye bati lake. Akasema ya kumi na sita itachelewa, wanazigombania kila mahali.

Basi leo mimi ndiye niliyesema tusubiri. Lakini kusubiri kwangu kuna sababu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimepalilia mahindi. Nyani wamekula mistari miwili upande wa Maryamu na hawakugusa wangu. Watasema nimewafuga.

Jumatatu, 5 Mei

Pikipiki nyekundu ya Abraham imeonekana uani kwa Maryamu.

Niliiona nikitoka kisimani. Nilirudi nyumbani nikabandika maharage, nikakaa pale penye upenyo wa ua. Maharage yameiva pikipiki ingali pale. Alipotoka alikuwa amebeba fungu la ndizi. Mpimaji aliyekubaliwa na pande mbili anabeba ndizi za upande mmoja.

Nilimpigia simu moja kwa moja. Akasema alikwenda kumweleza Maryamu kwamba mimi nimetaka kadi kubwa na kwamba tutachelewa, maana ni haki yake kujua. Nikamuuliza Maryamu alisema nini. Akasema hakuuliza kitu, alisema tu kwamba atangoja, akampa ndizi. Abraham anasema hata akija kwangu atakula.

Maryamu hakuuliza kitu. Mtu asiyeuliza ama ni mjinga ama ameshajibiwa, na Maryamu si mjinga.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimemsikiliza Maryamu akiimba akichuma mchicha. Ana raha gani?

Jumanne, 20 Mei

Jana imetoka kadi nyingine ya kijani, ya bei nafuu zaidi. Ikram anasema wale watu ambao kazi yao ni kuzijaribu kadi na kuwaambia wengine ukweli, safari hii wengi wao hawakupewa nafasi ya kuijaribu kabla ya siku ya kuuzwa. Sikuhitaji maelezo zaidi. Mzigo unaokataa kupanda mizani nimeujua tangu ujana.

Abraham naye akapiga, anauliza kama hii ingetufaa, itafika haraka. Ina GB ngapi? Nane. Nikakata simu, kisha nikaona aibu, nikampigia tena kumwambia mtandao ulikatika.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imepungua. Mahindi yanachanua. Daraja dogo la kwenda mjini limeondoka na maji, tunazunguka.

Siku themanini karibu zimepita tangu "tusubiri kidogo". Njia ya mwongo ni fupi, nangoja nione ya Abraham inaishia wapi.

Ijumaa, 6 Juni

Kadi nyekundu zimetoka jana. Nazo ni jina moja na kadi mbili, nane na kumi na sita. Nilidhani wekundu watakuwa na haya. Ikram anasema, "Mama, wewe ungefaa kuandika habari za kompyuta." Nilifurahi, lakini sikumwonyesha.

Abraham naye amepiga. Mtu wa Kariakoo amepata ya kijani, kumi na sita, mpya kabisa, ataipakia kwenye basi Jumatatu. Nikamwambia asiifungue mpaka nifike. Kesho ni Idi kubwa. Safari hii hakuna sahani iliyokuja.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeipokea mwenyewe stendi ya Korogwe, Abraham nyuma yangu. Boksi lilikuwa na karatasi ya kufungia, nzima. Lakini karatasi hata mimi naweza kubandika.

Kwanza nilikuwa nimemwomba Ikram anitafutie kitu kimoja tu: uzito. Kampuni imeuandika, gramu mia sita na arobaini. Nikaichukua kadi mpaka sokoni Manundu kwa muuza dagaa mwenye mizani ya namba. Nilianza na jiwe lake la nusu kilo, nione kama mizani inasema kweli. Ilisema kweli. Kisha nikafungua boksi, nikaiweka kadi juu ya mfuko safi. Watu wakasogea. Mwanamke mmoja akauliza hiyo ni samaki gani. Ikasoma mia sita na arobaini na mbili.

Hizo mbili zilitoka wapi? Nikaitazama vizuri, nikaona ganda la nailoni halijabanduliwa. Nikalibandua, nikapima tena, ikasoma mia sita na arobaini.

Abraham alikuwa amesimama pembeni akijifanya ananunua nyanya. Tulipokuwa tukirudi ofisini akaniambia wako watu wanaotia kadi kongwe ndani ya ganda jipya, na yeye hakuwahi kufikiria kuikamata kwa mizani. Alisema kwa heshima. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni kijana tu anayependa kazi yake, na chakula cha mchana alichoninunulia nilikila chote.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika polepole.

Nilifika ofisini saa mbili asubuhi, nikakaa kwenye kiti kile kile. Sikutaka ramani itengenezwe nikiwa mbali, maana anayeweza kuondoa ukungu anaweza pia kuuongeza. Kadi ilianza kuvuma. Mstari wa kijani ukawa unasogea kwenye kioo, na mimi nikawa nausindikiza kwa macho mpaka saa saba na nusu.

Ramani ikatoka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Niliona bati langu na kipande kilichotiwa kiraka. Niliona jiwe la kisima, na kaburi la baba, kimstatili kidogo. Niliona mikonge yangu mmoja mmoja. Nikamwambia Abraham, unaona sasa, mpaka wangu huo hapo. Akasema bado kuna hatua moja, ataiambia kompyuta ivue majani na miti ibaki ardhi tupu.

Ardhi ikabaki tupu. Na upande wetu wa kisima na kaburi, karibu na nyumba, ukatokea mstari wa pili.

Ni vishimo. Arobaini na kimoja, nimevihesabu. Vinateremka kutoka kilimani hadi korongoni, vimenyooka kabisa, na vimeungana na mpaka wa shamba la juu yetu na mpaka wa shamba la chini yetu. Mashamba matatu, mstari mmoja. Ni safu yangu tu ya mikonge inayotoka kwenye mstari huo, inajipinda kuzunguka kisima upande wa kwa Maryamu, kisha inarudi.

Vishimo hivyo navijua. Naviruka kila siku na ndoo kichwani.

Nikamwambia Abraham hiyo ni njia ya mbuzi. Akavipima kwa kile kimshale chake, kimoja baada ya kingine.

"Mbuzi hawatembei kwa hatua sawa, mama," akasema. "Hapa pameng'olewa mimea iliyopandwa kwa mstari."

Nilivihesabu tena. Kisha nikamuuliza kama ile ramani ya kwanza, yenye ukungu, bado anayo.

Abraham akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena, na mtazamo huo niliujua, kwa sababu ni wangu. Hivyo ndivyo ninavyowatazama watu wanapoweka gunia kwenye mizani.

"Ninayo," akasema. "Niifungue?"

Ningesaini mwezi wa tatu, na Maryamu angekuwa na ukungu tu wa kuonyesha. Abraham alinipa ile ramani. Mimi ndiye niliyetaka kila jani. Mimi niliikataa kadi ya nane mara mbili. Mimi niliipima hii ya kumi na sita kwa mizani ya dagaa ili isije ikawa feki.

Nikamwambia asiifungue. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya duka la vipuri vya baiskeli nikilishika sikio langu la kushoto.

Baba hakukosea hata kidogo. Alihitaji shahidi asiyesema uongo, akampata ndani ya nyumba yake, akampa uongo wa kushika. Na mimi sikusema uongo mbele ya wale wazee. Niliwapeleka mche kwa mche, nikiwa na fahari. Hata kaburi lake alituagiza kwa maneno yake mwenyewe, "Mnizike kando ya kisima," na sisi tulilia tukidhani anapenda kivuli. Lile nalo ni kigingi cha mpaka.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyosema. Ya baba imekwenda miaka arobaini na mitatu, na muda wote nimeibeba mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Sikwenda popote.

Jumamosi, 14 Juni

Nilimtumia Sharifu ujumbe, akaja kabla ya adhuhuri. Nikamtandikia ramani mezani. Hakuitazama. Akasema anaujua mstari ule, aliuona ukiwa na mikonge yake.

Baba alimwambia yeye kwanza aje apande mpaka mpya. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mzee Kibwana alikuwa amekwenda kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Hale, hakurudi kwa misimu miwili, na mwaka ule kisima chetu sisi kilikuwa kimekauka. Sharifu akakataa. Baba akasema basi, atamchukua mdogo. Akaing'oa safu ya zamani usiku mmoja, na machipukizi yake ndiyo yale niliyokuta kwenye gunia asubuhi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniamini?" akasema.

Nikafungua daftari hili, tarehe 10 Aprili, nikasoma nilichoandika juu yake. Nisingemwamini. Nikamsomea, akacheka mpaka akajifuta macho, akasema mkataba wa ufuta ulivunjika mwaka juzi. Safari hii nilimwongezea chai.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepika pilau. Nimeijaza sahani mpaka kitambaa hakikufunika vizuri, nikachukua na ramani, nikaenda kwa Maryamu kwa miguu yangu, asubuhi, kila mtu akiona.

Alikuwa akipukuchua mahindi. Nikaweka sahani chini, nikakunjua ramani juu ya mkeka, nikamwonyesha vishimo kwa kidole. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwambia, "Mpaka ni huu. Mimi nilipanda ule mwingine. Sikujua."

Maryamu aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Baba alijua kwamba hujui," akasema. "Siku ile mbele ya wazee aliliona sikio lako, lilikuwa na kovu la kucha. Akasema hatashindana na mtoto aliyefinywa. Alitukataza tusiseme mpaka wewe uwe umezeeka."

Nikamuuliza kama miaka hamsini na mitatu ndiyo uzee. Akasema kisima chake kilikauka mwaka jana, akaona uzee wangu akiungoja atakufa na kiu. Sikuweza kucheka. Nikamuuliza baba yake angefanyaje kama baba yangu angekwenda tu kuomba maji.

"Angempa," akasema Maryamu. "Si walikuwa majirani?"

Hilo ndilo lililoniliza, mbele yake na mbele ya kuku wake. Aliniacha nilie. Kisha akafunua sahani, akaleta maji ya kunawa, tukala kwa mkono kutoka sahani moja. Akasema kaburi halihami, nitavuka nikamzuru baba bila kumwomba mtu ruhusa. Kisima tutachota wote. Mikonge ndiyo itakayohama.

Jumamosi, 21 Juni

Tumehamisha mikonge leo. Wajumbe wawili wa baraza walikuwepo, na Sharifu na jembe, na Abraham na ramani yake. Saini zimewekwa. Abraham aliondoka na fungu la ndizi na debe la mahindi mabichi, moja la upande huu na moja la upande ule. Anasema tangu apate kadi ile kazi zimemjaa. Ikram kapiga simu katikati ya kazi kusema tayari kuna uvumi wa kadi za mwaka ujao, na sikumuuliza shahidi ni nani.

Sharifu alichimba kwenye vile vishimo vya zamani, udongo wake ulikuwa laini bado. Mimi nikatia mche na kushindilia kwa kisigino, arobaini na moja, na kiuno kinajua. Mjumbe mmoja akasema tumwite mtoto wa jirani awe shahidi kama zamani. Nikakataa kabla hajamaliza. Nikasema shahidi yupo, ni mimi, ila nimeharibika, nitengenezwe.

Nikamwinamia Maryamu pale mwisho wa safu, nikampa sikio la kushoto. Alidhani natania. Alipoona sitanii, alijifuta udongo mikononi kwa khanga, akalishika, akafinya. Alifinya kwa nguvu zote, kwa ajili yake na ya baba yake, na wala hakuniachia nilipolia. Kisha akaniambia kwa Kizigua kwamba huu ndio mpaka, nisiusahau.

Nikamjibu sitausahau. Tumechota maji, kila mmoja ndoo yake, tukarudi nyumbani.